Mwendo wa Jirani wa Chini

Maoni yalikuwa yakimiminika tangu asubuhi, na Nukta aliyasoma huku akinywa chai iliyokwisha kupoa, moyo umemkunjuka. Mmoja alisifu rangi. Mwingine alitaka kujua kalamu ile aliipata wapi. Wa tatu alikiri kwamba ameirudia video nzima kwa ajili ya yule mama muuza vitambaa anayetembea, basi. Kisha jicho lake likaangukia maneno ya mtu aliyejiita Mwenye Mali, na kikombe kikabaki hewani.

“Huyo mwanamke namjua. Dirisha hilo liko mtaa gani?”

Hayakuwa na tusi wala kitisho. Hata hivyo yalimkaa vibaya, kama mchanga kwenye chakula. Akaweka kikombe chini, akajiambia atayajibu baadaye, akarudi kwenye kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchora watu wa gemu, wale wadogo wa kwenye skrini waliojengwa kwa vimraba vitupu. Mtu mmoja wa Nukta hakuzidi vimraba thelathini na viwili kwa kimo, na rangi zake hazikuvuka kumi na sita. Kimraba kimoja kikihama kutoka shavuni kwenda kidevuni, kijana anageuka mzee. Kikiongezwa chini ya jicho, aliyekuwa akicheka anaanza kulia. Hilo jina la Nukta alibandikwa na baba yake kwa sababu hiyo, na mzee hakuwa na haki ya kumtania, maana yeye ndiye aliyemwambukiza. Alikuwa fundi wa vigae. Utoto wa Nukta ulipita kwenye nyumba ambazo hazijaisha, amekaa juu ya mfuko wa saruji, anamtazama baba amepiga magoti akipanga vigae vidogo vya bafuni, kimoja cha buluu, viwili vyeupe, kisha anasimama, anarudi nyuma, analifinya jicho moja.

“Ukisogea sana unaona vigae,” alikuwa akimwambia. “Rudi nyuma uone samaki.”

Sasa magoti ya mzee yalikuwa yamekwisha, na kutwa alishinda kwenye kiti karibu na mlango akisikiliza redio. Nukta naye aliendelea na mtindo uleule: anachora, anasukuma kiti nyuma, analifinya jicho.

Kiongozi wa timu ya gemu, ambaye wote walimwita Kapteni ingawa hata kuogelea hakujua, ndiye aliyemng'ang'ania atengeneze video ya namna anavyofanya kazi. “Watu wamechoka kuletewa sahani,” alimwambia kwenye simu. “Waingize jikoni.” Basi akawaingiza. Akawaonyesha kompyuta yake kuukuu inayovuma kama feni mbovu, kibao cha kuchorea kilichopauka pale mkono unapolalia, kalamu aliyoizungushia utepe isimteleze. Akaeleza kwamba haanzi na macho wala nguo. Anaanza na kivuli, mwili mzima kwa rangi moja nyeusi, kisha anautembeza kivuli huo kwa picha nane, mguu huu, mguu ule, mpaka mwendo ukubali.

“Mtu ukimtambua akiwa kivuli,” alisema kwenye video, akijisikia raha na sauti yake mwenyewe, “uso ni nyongeza tu.”

Akageuza kamera dirishani ili watazamaji waone anakowaokota watu wake: uchochoro, kibao cha duka la dawa, tangi la maji la buluu juu ya paa la mbele. Akasema muuza vitambaa wa kwenye gemu amemtoa kwa jirani yake wa chini.

Jirani huyo alikuwa fundi cherehani. Alihamia chumba cha chini peke yake, na watu wa jengo walimwita Fundi kwa kuwa hakuwahi kuwapa jina jingine. Mwendo wake ulimteka Nukta tangu siku ya kwanza: mkono wa kulia nyongani, mguu wa upande huohuo unatupwa nje kidogo, mkoba umebanwa kwapani, na kila baada ya hatua chache kichwa kinageuka juu ya bega, haraka, kisha kinarudi. Nukta aliuona ni mwendo wa madaha, wa mwanamke anayejua kwamba anatazamwa. Aliukalia siku nyingi mpaka ukakaa sawa. Alikuwa ameona kila kitu isipokuwa sababu.

Kabla ya adhuhuri simu ikalia tena. Mwenye Mali alikuwa amejijibu mwenyewe. Safari hii aliweka picha, video imesimamishwa pale dirishani, na juu yake amelizungushia tangi la maji duara jekundu. Duara jingine lilizunguka kibao cha duka la dawa, herufi zikisomeka bila shida. Chini yake maneno mawili.

“Nimepata. Asante.”

Nukta akaifuta video. Alikosea mara mbili pa kubonyeza. Ilipotoweka akabaki kuikodolea macho nafasi iliyoacha, akijua wazi kwamba amechelewa.

“Baba,” alisema, na akaeleza yote, tangu maoni ya kwanza.

Mzee alizima redio. Hakumkatiza. Alipomaliza, alimuuliza neno moja tu. “Mwenyewe umeshamwambia?”

“Bado. Labda si kitu. Labda ni ndugu yake.”

“Ndugu angekuwa na namba yake ya simu,” baba alisema. “Teremka, mama. Usiningoje mimi na miguu hii.”

Cherehani ilikuwa ikikimbia alipobisha. Fundi alimkaribisha bila kuinua kichwa, pini zimebanwa midomoni. Akazitoa.

“Kama ni ile sketi, mdogo wangu, kesho.”

“Si sketi, dada.”

Nukta alieleza ovyo, akianzia katikati, na alipoona haeleweki akafungua simu na kumwonyesha picha nane zikizunguka, yule mama mdogo wa vimraba akitembea mahali pamoja bila kufika. Fundi alitazama. Tabasamu la mshangao likamtoka.

“Huyu mimi?”

“Ndiyo.”

“Umenipendezesha.”

“Nimemwonyesha kila mtu, dada. Na dirisha nimelionyesha. Kuna mtu ameandika kwamba anakujua. Anajiita Mwenye Mali.”

Mguu wa Fundi ukatoka kwenye kanyagio. Gurudumu la cherehani likazunguka kidogo peke yake, likasimama.

“Mali ni mimi,” alisema taratibu.

Alisema hayo bila kulia wala kupaza sauti, na ndiyo maana yalimwingia Nukta mpaka kwenye mifupa. Akaendelea kwa sauti ileile, kama anayesoma vipimo vya gauni. Nyonga hii aliivunja yeye, mumewe, kwa kumsukuma kwenye ngazi. Mfupa uliunga vibaya. Mkono unakaa pale kwa sababu panauma, si kwa madaha. “Na hicho kichwa ulichokigeuza vizuri hivyo,” alisema, akanyoosha kidole kwenye simu, kisha akaiacha sentensi ikining'inia.

“Twende polisi,” Nukta alisema.

“Nilikwenda, huko nilikotoka. Wakamwita, wakanikalisha naye benchi moja, wakatuambia tukayamalize nyumbani.” Akaigusa nyonga. “Tukayamaliza.”

Samahani ilimtoka Nukta ikiwa ndogo, haikufika hata kwenye meza.

“Kila siku ulikuwa unanitazama kutoka huko juu,” Fundi alisema. “Siku moja tu ungeshuka ukaniuliza.”

Baada ya hapo hawakupoteza muda kwa maneno. Fundi alikuwa na binti wa shangazi yake, mbali, ambaye mumewe hakumjua. Angekwenda huko leo hii, kabla jua halijashuka. Baba, kwa simu kutoka kwenye kiti chake, alimpata dereva mmoja waliyewahi kubeba naye vigae, mtu wa kuaminika, akamwambia alete gari lake ncha ya pili ya uchochoro na azime injini. Nukta akafungua skrubu za kichwa cha cherehani huku Fundi akitupia nguo kwenye begi. Mkasi akaufunga ndani ya taulo. Vitambaa vya wateja akavikunja kimoja kimoja, akaandika jina juu ya kila kimoja kwa chaki, ingawa Nukta alimsihi aviache.

Nukta alisogeza pazia kwa kidole kuangalia kama gari limefika. Gari halikuwepo. Mbele ya duka la dawa alisimama mwanamume, simu imeinuliwa usawa wa macho. Aliangalia simu, akaangalia tangi la maji, akaangalia simu. Alikuwa mtu wa kawaida kabisa, shati limepigwa pasi, viatu havina vumbi, mtu ambaye ungempisha kwenye foleni. Akairudisha simu mfukoni, akaketi kwenye benchi la wagonjwa nje ya duka, uso kuelekea jengo lao.

“Dada,” Nukta alisema kwa mnong'ono.

Fundi akachungulia juu ya bega la Nukta. Hakuhitaji hata kufika kwenye pazia.

“Ndiye.”

“Hajui mlango ni upi. Anasubiri aone mwendo.”

“Atasubiri. Namjua, ana subira kuliko mawe.”

Jengo lilikuwa na njia moja tu ya kutokea, nayo ilimwagika uchochoroni mbele ya benchi lile. Upande wa kushoto ungefika sokoni, upande wa kulia ungefika kwenye gari. Nukta aliupima uchochoro kwa macho jinsi alivyozoea kupima ukurasa mtupu. Kisha akasema jambo ambalo hakujua kwamba alikuwa ameshaliamua.

“Nipe mtandio wako. Na huo mkoba.”

“Huna akili,” Fundi alisema.

“Mwendo wako naujua picha kwa picha. Nikienda kushoto atanifuata. Wewe nenda kulia.”

“Na akikushika?”

Hapo mlango ukasukumwa. Baba alikuwa ameteremka ngazi zote, amejaa jasho, mkono mmoja ukutani na mwingine umeshika ndoo yake ya zamani ya saruji, ya kubebea kichwa cha cherehani. Fundi alimwamkia kwa sauti ya chini, naye akaitikia, halafu akamtazama binti yake kwa muda mrefu. Alikuwa ameyasikia yote mlangoni, na ilionekana kila neno la kumzuia lilipita usoni mwake. Mwishowe akasema, “Gari limefika. Sokoni kuna watu. Usitoke sokoni.”

Fundi akavuta pumzi. “Tembea nione.”

Nukta akajifunga mtandio, akabana mkoba kwapani, akavuka chumba.

“Hapana. Unacheza ngoma. Usiupambe. Uzito wote uweke huku, huu mguu mwingine uuonee huruma.” Nukta akarudia. “Afadhali. Sasa kichwa. Wewe unageuka kila baada ya hatua nne, kama saa ya ukutani. Mimi sihesabu, mdogo wangu. Mimi naogopa.”

Jua lilikuwa kali alipotoka. Hakuangalia kwenye benchi. Aliweka mkono nyongani, akauonea huruma mguu, akashika njia ya kushoto. Alitaka kugeuka, akajizuia, akaogopa kwamba amejizuia mno, akageuka. Benchi lilikuwa tupu.

Hakuwahi kuelewa mpaka pale kwamba kichwa kile kilikuwa kinatafuta kitu. Kwenye picha zake kiligeuka na kurudi, kizuri, chepesi. Sasa shingo ilimvuta yenyewe. Aligeuka tena na kumwona, nyuma ya watu wachache, hana haraka, anapishana na wapita njia kwa adabu. Goti la Nukta lilitaka kukimbia. Alilikataza. Mtu wa kwenye kivuli chake hakukimbia, alitembea mpaka kwenye safu ya wauza vyombo vya plastiki, katikati ya ndoo na mabeseni, na hapo ndipo mkono ulipomshika kifundo cha mkono.

“Uliona nimekaa kimya ukadhani nimekusahau,” sauti ilisema karibu na sikio lake, kwa upole.

Nukta akageuka, mtandio ukashuka. Uso wa mwanamume ukabaki wazi kama mlango wa chumba kisicho na mtu.

“Samahani, dada. Nimekufananisha.”

Angenyamaza, huenda yangeishia pale. Lakini alifikiria gari, na ngazi, na magoti ya baba, akataka kumchelewesha.

“Umenifananisha na nani, kaka?”

Mkono uliokuwa umeanza kulegea ukakaza. Akamtazama upya, taratibu, kutoka juu mpaka chini, akayasimamisha macho kwenye mkoba.

“Sauti hii naijua,” alisema. “Uso ni nyongeza tu. Si ndivyo ulivyotufundisha?” Akamvuta karibu. “Wewe ndiye mchoraji. Yuko wapi?”

“Nani?”

“Usinichezee. Nimesafiri kwa ajili yako. Yuko wapi?”

Ngozi ya mkono ilimuuma. Nukta aliufungua mdomo na sauti haikuja. Ndipo mwanamke mmoja mnene, muuza ndoo, alipoinuka kutoka kwenye kigoda chake.

“Kaka, huyo unamnunua au unamwazima?”

“Mambo ya nyumbani, mama,” mwanamume alijibu bila kumtazama.

“Nyumbani kwa nani? Binti, unamjua huyu?”

“Simjui,” Nukta alisema, na sauti iliporudi ilirudi yote. “Simjui, wala hanijui. Ameshika mkono wangu.”

Vichwa vikageuka. Muuza sahani akaacha kuhesabu sahani zake. Kijana wa mikokoteni akasimama, na nyuma yake mwingine. Walisogea kidogo, kama watu wanaotaka kuona bei. Mwanamume akauachia mkono. Alitazama upande wa uchochoro, akamtazama tena Nukta na mtandio wake, na Nukta akaona kabisa wakati alipoelewa. Akageuka, akaondoka mbio.

Muuza ndoo aligeuza ndoo moja chini juu, akamkalisha Nukta, akampa maji. Nukta alishika simu kwa mikono miwili na simu haikulia. Alijaribu kukadiria: baba ngazi ya mlango, baba ukutani, begi, kichwa cha cherehani kilivyo kizito. Kila alivyokadiria, walikuwa bado uchochoroni.

Alipopata nguvu alirudi, akisindikizwa na kijana wa mikokoteni. Alisimama kwenye kona ya duka la dawa, hakuthubutu kusogea zaidi. Mlango wa Fundi ulikuwa wazi kabisa. Mwanamume alitoka ndani, shati limetoka kwenye suruali, mkononi kitambaa cha mteja chenye maandishi ya chaki. Wakati huohuo, kutoka ncha ya pili ya uchochoro, baba alikuwa anakuja, hatua kwa hatua, mkono ukutani, ndoo ya saruji inaning'inia tupu.

“Mzee,” mwanamume alimwita, “fundi wa hapa amekwenda wapi?”

“Fundi wa hapa ni mimi,” baba alisema. “Una vigae?”

Mwanamume alimtazama, akaitazama ndoo, na matope makavu yaliyoganda kwenye ukingo wake. Kwa muda ilikuwa kama atampiga. Kijana wa mikokoteni akakohoa. Mwenye duka la dawa akatoka nje, akasimama mlangoni kwake. Kitambaa kikaanguka chini, na yule mtu akapita katikati yao bila kuaga.

Baba alikuwa anatetemeka Nukta alipomfikia. “Si magoti,” alimwambia. “Nishike tu.”

Mwenye Mali alirudi siku nyingine, na nyingine, lakini kila alipokaa kwenye lile benchi alitokea mtu wa kumuuliza anaumwa nini. Halafu hakuonekana tena. Kwa muda mrefu Nukta aligeuka akitembea, hata ndani ya jengo, na usiku alijikuta amelala mkono umeshika kifundo cha mkono. Dereva alileta salamu moja tu: cherehani imefika salama na inashona. Nukta hakuuliza imefika wapi.

Na Kapteni aligomba aliposikia kwamba muuza vitambaa anaondolewa kwenye gemu. Alisema wachezaji wanampenda yule mama kuliko mtu yeyote kwenye gemu.

“Ndiyo maana anatoka,” Nukta alisema.

“Siku zimekwisha, Nukta. Utanipa nini mahali pake?”

“Sijui bado. Kama hatoki yeye, natoka mimi.”

“Haya,” Kapteni akasema, kwa sauti ya mtu aliyemeza dawa chungu. Nukta akafungua picha nane, akazifuta moja baada ya nyingine, na za akiba pia, na kivuli cha mwanzo. Kisha akakaa mbele ya ukurasa wenye vimraba vitupu siku kadhaa bila kuweka hata kimoja. Mkono haukukubali. Kila aliyepita chini ya dirisha alikuwa na mwendo, na kila mwendo ulikuwa na jambo lake.

Asubuhi moja akaacha kalamu mezani, akateremka. Mfagiaji wa mtaa, mama wa makamo, alikuwa anakusanya takataka kwenye toroli, mgongo umepinda kwa namna ambayo zamani Nukta angeiiba bila kufikiri. Akamwamkia, akajieleza: kazi yake, gemu, watu wadogo wa vimraba. Akaeleza pia kwamba watu wengi watamwona, huenda hata asiopenda wamwone.

Mama alisikiliza, ameegemea ufagio.

“Nikitaka nisifanane?”

“Nitafanya usifanane. Na usipotaka kabisa, sitakuchora.”

Mfagiaji akafikiri, akatazama mtaa wote uliomsubiri.

“Basi nichore nimekaa,” alisema. “Kusimama nasimama kila siku.”

Akaketi kwenye ukingo wa mtaro, akanyoosha miguu. Nukta akaketi kando yake, simu ameiacha juu, mikono mitupu, akamuuliza miguu inamuuma wapi.